Kazi ya Watu Wawili ni ya Nani?

Mtu akilima shamba lake peke yake, akapanda mwenyewe na kuvuna mwenyewe, hapana aulizaye mavuno ni ya nani. Swali hilo huzaliwa siku ile anapoingia mtu wa pili. Jembe la pili huongeza mavuno, lakini huongeza na neno gumu: nani aitwe mwenye shamba? Watu wengi wamefanya kazi pamoja kwa furaha mwaka mzima, kisha wakafarakana kwa siku moja, nayo ni siku ya kutaja majina. Waliuvumilia uchungu wa kazi, wakashindwa kuuvumilia utamu wake.

Katika insha hii nataka tulitazame swali hilo pamoja, ninyi vijana wasomaji na mimi, kwa njia ya kazi moja ndogo: hadithi ya picha iliyotungwa na wanafunzi wawili, mmoja akiandika na mwenziwe akichora. Sitawaficha ya kuwa katika kisa hicho mimi mwenyewe nilikosea. Mwalimu afundishaye haki sharti akubali kuwa mfano hata mahali alipoikosa.

Nafundisha Malindi, na nyumba yangu iko Shella, mtaa wa kale ulio kando ya bahari, ambako wavuvi hutia nanga na vijana huketi jioni wakitazama maji. Mwendo wa kilomita 30 hivi kwenda kaskazini, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma ya kurushia roketi. Kutoka huko, kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988, setilaiti 9 zilipelekwa angani. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Basi kijana wa Shella akiwaza safari za mbinguni, haazimi ndoto ya watu wa mbali. Anawaza jambo lililopita mbele ya macho ya babu zake.

Miaka michache iliyopita walikuwako darasani mwangu mvulana mmoja na msichana mmoja waliowaza hivyo. Mvulana alikuwa mwepesi wa maneno. Insha zake nilizisoma mbele ya wenzake. Msichana alikuwa mkimya, na kurasa za nyuma za madaftari yake yote, hata la hesabu, zilijaa sura za watu, mashua na mawimbi. Wakapatana kutunga kitabu cha katuni cha hadithi ya kubuni ya kisayansi, nao wakakiita Jahazi la Nyota. Kilikusudiwa kuwa na sehemu tatu.

Hadithi ilikuwa hivi. Katika mwaka wa mbali ujao, bahari imepanda na visima vyote vya pwani vimegeuka chumvi. Chombo kinarushwa kutoka Ngomeni kwenda katika sayari yenye maji matamu. Kiongozi wake hana jina. Huitwa Nahodha tu. Nahodha anaamuru, anagombana na mabaharia, anawasamehe, anamlilia mmoja wao aliyepotea njiani. Wakifika, wenyeji wa sayari ile wanawazuia mlangoni na kuwauliza maswali mengi, na Nahodha anawajibu kwa hekima mpaka mlango unafunguliwa. Muda wote huo Nahodha amevaa kofia ya safari yenye kioo cheusi, na uso wake hauonekani.

Katika ukurasa wa mwisho wageni wanapewa maji. Nahodha anaivua kofia ili anywe. Kisanduku hicho cha mwisho hakina hata neno moja. Mna picha tu. Ni uso wa mwanamke mzee, wenye mikunjo, kichwani amejifunga kanga, kama bibi yeyote wa Shella ambaye ungemkuta asubuhi mlangoni pake akiuza mahamri.

Nilipoufikia ukurasa huo nilikifunga kitabu, kisha nikakifungua na kukisoma tena toka mwanzo. Kiswahili, kama mjuavyo, hakimbagui mwanamume na mwanamke katika vitenzi vyake. Tukisema "aliamuru" au "alilia", msikiaji hajui ni nani kati ya hao wawili. Mimi nilikuwa nimemwona mwanamume katika kila "aliamuru", na hakuna aliyeniambia nimwone. Picha ile moja ilinishika mkono katika wizi wa mawazo yangu mwenyewe.

Siku ya kufunga shule nilisimama mbele ya wazazi nikakisifu kitabu kile. Nilisema ya kuwa mwandishi kijana ameonyesha akili kubwa, kwa kuwa kalamu yake imejua kunena na imejua pia kunyamaza. Nikamwita mvulana, nikampa zawadi. Kisha nikaongeza, kama mtu anyunyizaye chumvi mwisho wa mapishi, ya kuwa twamshukuru pia mwenzake aliyeipamba hadithi kwa picha. Watu wakapiga makofi. Msichana naye akapiga makofi. Mvulana alitazama chini.

Jioni yake msichana alinijia.

"Mwalimu, naomba picha zangu," akasema.

"Za nini, mwanangu? Kitabu ni kimoja."

"Ndiyo, Mwalimu. Kilikuwa kimoja."

Sikumwelewa. Siku tatu baadaye alikuja mvulana, akasimama mlangoni kwa kitambo kabla ya kupata ulimi. Akaniambia, "Mwalimu, mwisho ule si wangu. Mimi nilitaka Nahodha awe na ndevu."

Ndipo akanieleza yote. Yeye alipoandika alimwona mzee wa kiume. Mwenziwe tangu kisanduku cha kwanza alimwona bibi chini ya kioo cheusi, akamchora hivyo mabega, mikono na mwendo, asiseme neno mpaka mwisho. Mvulana alipoiona picha ya mwisho alikasirika usiku kucha. Asubuhi aliyasoma maneno yake upya, akaona hapana hata neno moja linalotaka kubadilishwa, na kwamba yote yamekuwa mazuri kuliko alivyoyaandika. Akakubali. Lakini nilipomsifu mbele ya watu, sifa zilimkuta ghafula, naye hakuweza kuzirudisha.

Vijana wasomaji, tuliache kosa la mvulana, ambalo lilikuwa la kunyamaza, tulitazame la mwalimu, ambalo lilikuwa la kusema. Kwa nini nilikosea? Katika chuo cha ualimu nilijifunza kutumia picha kama chombo cha kufundishia: picha huja kulisaidia neno, na neno likisha kueleweka picha huondolewa ubaoni. Mafunzo hayo yana faida darasani. Lakini mimi niliyachukua nikayafanya sheria ya ulimwengu. Nikadhani ya kuwa neno ni bwana na picha ni mtumishi. Na bwana na mtumishi wakija mlangoni, watu humsalimu bwana.

Baada ya hapo nililiuliza swali letu kwa watu wengi, walimu na wanafunzi, na majibu yao niliyaona ni ya namna tatu.

Jibu la kwanza husema kazi ni ya yule aliyewaza. Bila hadithi, mchoraji angechora nini? Jibu hili lina nguvu, na wala halifai kudharauliwa. Neno laweza kusafiri peke yake. Katama Mkangi, mwandishi wa pande hizi zetu za Kilifi, alitoa mwaka 1995 riwaya yake Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa hupakiwa katika chombo cha angani kiwe kifo chake, naye akakiongoza hata akafika katika nchi ya watu wengine. Na jina la nchi hiyo, ukilisoma polepole, lasema "wale ni sisi". Mkangi hakuhitaji mchoraji. Maneno yake yaliruka yenyewe. Lakini hoja hiyo yathibitisha kwamba mwandishi aweza kutunga kazi nyingine bila mchoraji. Haithibitishi kwamba aliitunga kazi hii bila yeye. Mtu awezaye kupika wali peke yake hapati kwa sababu hiyo kuwa mwenye sufuria iliyopikwa na wawili.

Tena, wazo ni mbegu, na mbegu ni nyingi kuliko miti. Jioni moja tu katika Shella vijana huwaza hadithi kumi za ajabu, na kesho yake haikumbukwi hata moja. Anayewaza anastahili heshima, lakini kuwaza si kutenda.

Jibu la pili husema kazi ni ya yule aliyetoa jasho. Watetezi wake huhesabu siku. Ukurasa ambao mvulana aliuandika kwa saa moja, msichana aliuchora kwa siku tatu, akafuta, akarudia, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Basi mizani isimame upande wake. Hoja hii pia ina haki ndani yake, lakini nayo haitufikishi. Kama kazi hupimwa kwa jasho tu, mchoraji mzembe achoraye kwa mwezi atamshinda fundi achoraye kwa siku. Tena kuna jasho lisiloonekana. Mwandishi aliyekaa wiki nzima akitafuta neno moja, akalipata, huandika neno hilo kwa nukta moja ya wakati.

Jibu la tatu ndilo lipendwalo na wengi kwa kuwa lina sura ya uadilifu. Husema: kata katikati, nusu kwa nusu, maneno ya huyu na picha za yule. Kwa muda nililiamini. Kisha nikalijaribu kwa mkono. Nilichukua karatasi nikayafunika maneno yote ya Jahazi la Nyota, nikatazama picha tu. Niliona watu wenye kofia wakienda na kurudi, na mwisho bibi akinywa maji. Nikayafunua maneno, nikazifunika picha. Nilisoma safari ya nahodha mwenye hekima, na mwisho hapana kitu, kisanduku kitupu. Nilichokistaajabia usiku ule wa kwanza hakikuwamo katika maneno wala katika picha. Kilikuwamo baina yake. Maneno yalinifanya nidhani, na picha ikanionyesha ya kuwa nimedhani. Yapi kati ya hayo utayakata, na kisu utakipitisha wapi?

Ili msidhani nawasifia watoto wangu tu, nitawatajia kazi ya namna hiyo iliyotoka Marekani mwaka 1953. Ni hadithi fupi ya picha iitwayo "Judgment Day", yaani Siku ya Hukumu; Al Feldstein aliiandika na Joe Orlando aliichora. Mjumbe kutoka duniani anakwenda katika sayari ya maroboti kuona kama wamestahili kuingizwa katika umoja wa nyota. Anakuta maroboti ya rangi ya chungwa yakiyatenga maroboti ya buluu, ingawa ndani yametengenezwa sawasawa. Anawaambia hawajawa tayari, anaondoka. Katika kisanduku cha mwisho, ndani ya chombo chake, anaivua kofia: ni mtu mweusi. Kumbukeni ya kuwa katika miaka ile Wamarekani weusi walikuwa wakitengwa kwa sheria katika majimbo mengi ya nchi yao. Mwaka 1956 hadithi hiyo ilipotaka kuchapishwa mara ya pili, msimamizi wa kanuni za vitabu vya katuni alidai mtu huyo asiwe mweusi. Mchapishaji William Gaines alikataa, na picha ikatoka kama ilivyokuwa.

Tazameni vizuri dai lile. Hakuomba neno lifutwe. Alitaka rangi ya uso mmoja ibadilishwe, na kama angalipata alilotaka, maneno yote yangalibaki salama na hadithi yote ingalikufa. Basi ni hadithi ya nani? Mwandishi alilificha jambo na mchoraji akalifunua. Aliyeficha bila mfunuaji amezika tu. Na mfunuaji bila aliyeficha hana la kufunua.

Najua kuna atakayenijibu kwa methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tena atanionyesha mifano ya watu waliotosha peke yao. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi mpaka alipofariki mwaka 2012, aliitunga na kuichora mwenyewe hadithi ya Akokhan, na wasomaji wakaipenda. Sibishi. Mwenye vipawa viwili mkononi mmoja amshukuru Mungu. Lakini methali haikusema mabaharia wengi. Imesema nahodha wengi. Chombo hupotea wawili wanapogombea usukani mmoja, hakipotei mmoja anaposhika usukani na mwingine tanga. Mvulana hakumwongoza msichana mkono, wala msichana hakumsahihishia mvulana sentensi. Kila mmoja alikuwa mkuu mahali pake, na kwa hiyo mmoja aliweza kumshangaza mwenziwe. Mtu afanyaye kazi peke yake hupata raha nyingi, lakini raha hiyo ya kushangazwa na kazi yake mwenyewe huipata kwa nadra.

Sasa naweza kusema niaminilo. Kazi ya watu wawili haigawanyiki, na kwa sababu hiyo ni yao wote wawili, nzima kwa huyu na nzima kwa yule, kama mtoto alivyo wa baba na wa mama bila kukatwa. Ila deni lake hugawanyika. Kila kazi njema huleta deni tatu: deni la jina, deni la malipo na deni la shukrani. Hizi zahesabika, na sharti zilipwe kwa kila mmoja. Atakayesema, "Maadamu kazi ni moja, yatosha jina moja," ameugeuza umoja kuwa mlango wa dhuluma.

Historia ya pwani yetu yatuonya juu ya deni la jina. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika hapa Malindi, akapewa rubani aliyeijua bahari na pepo zake, akavuka salama hata Calicut katika Bara Hindi. Nguzo iitwayo kwa jina la nahodha huyo ingalipo, na wageni huja kuipiga picha. Jina la rubani wataalamu wangali wakilibishania. Safari ilikuwa ya wawili. Jiwe likasimama kwa mmoja.

Deni la malipo nalo lina mfano wake, katika kazi ile ile tuinenayo. Vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walisoma shule moja. Wa kwanza akiandika, wa pili akichora. Walimbuni Superman, mtu aliyetoka katika sayari nyingine. Hao hawakudhulumiana. Majina yao yalikaa pamoja, na urafiki wao ulikuwa safi. Lakini mwaka 1938 waliiuza haki yao yote kwa mchapishaji kwa dola 130. Superman akatajirisha watu, na watunzi wake wakazeeka katika dhiki, majina yao yakiwa yameondolewa kurasani. Ilikuwa mwaka 1975 kampuni ilipokubali, baada ya malalamiko makubwa mbele ya umma, kumpa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Kwa hiyo haitoshi wawili kupendana wao kwa wao. Yafaa pia wajue thamani ya kazi yao kabla ya kuitia katika mkono wa mtu wa tatu. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huitambua kazi ya pamoja, ambayo mchango wa mmoja hautengeki na wa mwenziwe, na haki yake hudumu mpaka miaka 50 baada ya kufariki yule aliyebaki mwisho. Kijana atungaye asione haya kuijua sheria. Kuijua si uchoyo.

Lakini sheria huja baada ya ugomvi, nami nilitaka dawa ya kabla yake. Niliipata ufuoni Shella, kwa mzee mmoja mvuvi. Nilimkuta samaki wamekwisha kugawanywa, wala sikusikia kelele. Nilimwuliza wanagawanyaje. Akasema mashua ina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha na mabaharia wana mafungu yao.

"Na nani aliyemvua samaki huyu mkubwa?" nikamwuliza.

Mzee akacheka. "Mwalimu, huyo kavuliwa na chombo. Hatuulizi mkono wa nani. Lakini mafungu twapatana kabla ya kung'oa nanga. Ukingoja kupatana samaki wakiwa mchangani, utapatana na tamaa, hutapatana na mtu."

Katika maneno yale machache mzee alikuwa amezitenganisha hoja zangu zote. Samaki ni wa chombo kizima: hiyo ndiyo kazi isiyogawanyika. Mafungu ni ya kila mtu: hayo ndiyo madeni yagawanyikayo. Na wakati wa kupatana ni kabla ya safari, moyo ukiwa bado mwepesi.

Limebaki deni la tatu, la shukrani, nalo halina sheria wala fungu. Hulipwa kwa ulimi wa mwenzako. Mtu mwingine aweza kuliandika jina lako na kukupa malipo yako. Lakini hapana ajuaye vema ulichofanya ila yule aliyekuwa pamoja nawe usiku ule kazi ilipokuwa ngumu. Yeye ndiye shahidi wako wa pekee. Shahidi huyo akinyamaza, jina lako laweza kuwapo juu ya jalada na wewe usiwepo. Ndiyo maana nasema mvulana yule, ingawa alichelewa kwa siku tatu, alitenda jambo kubwa alipokuja mlangoni pangu. Alirudisha kitu ambacho hakuna angaliweza kumdai.

Muhula ulipofunguliwa niliwakusanya wanafunzi wote. Nikasema niliikosea kazi ile, nikaeleza jinsi nilivyoikosea, nikawaita wote wawili mbele, nikayataja majina mawili kwa sauti moja. Msichana alinishukuru kwa adabu. Picha alizirudisha, na kitabu sasa kimo katika kabati la vitabu la shule, majina yote mawili yakiwa juu ya jalada, na huazimwa mara nyingi kuliko vitabu vyangu nivipendavyo.

Lakini sehemu ya pili ya Jahazi la Nyota haikuandikwa, wala ya tatu. Hawakugombana tena, wakasalimiana vizuri mpaka wakamaliza masomo. Ila hamu ile ya kwanza haikurudi. Nimeliwaza sana jambo hili. Haki iliyochelewa huliponya jina, lakini kazi ambayo ingalizaliwa katika siku zile za kuchelewa, hiyo haiwezi kuirudisha.

Nami sasa, kila nisimamapo katika ufuo wa Shella usiku wa nyota, huikumbuka ile setilaiti iliyobeba jina letu. Roketi yake ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa lilikuwa la Waitaliano, bahari na jina vilikuwa vyetu, na ilichokipata kimekuwa cha watu wote wasomao elimu ya nyota. Ukiuliza ni ya nani, jibu la haki laanza kwa kuwataja wote.

Basi, vijana, mkiwa na rafiki ambaye mwataka kutenda naye kazi, iwe ni hadithi, wimbo, bustani au biashara, pataneni mapema: majina yatakaaje, na malipo yatagawanywaje. Msiogope kwamba mapatano yataudhi urafiki; urafiki usioweza kustahimili mapatano hautastahimili mafanikio. Kisha fanyeni kazi kama watu wasio na hesabu yoyote. Na siku sifa itakapokuja kwako peke yako, nawe wajua ya kuwa haikuwa yako peke yako, usingoje siku tatu. Mtaje mwenzako papo hapo, makofi yangali yakilia.